Kidonda cha Panya wa Nne

Kwa miaka saba Nasike ndiye aliyekuwa macho ya maabara ile ya Kitengela. Panya waliotiwa vidonda vidogo mgongoni ili dawa za ngozi zijaribiwe, aliwapima yeye kwa rula na karatasi angavu, na neno lake halikupingwa. Kisha akaja Soila, msichana wa Kajiado mjini, na kamera inayomulika ngozi na kuonyesha damu inavyotembea chini yake.

"Sasa hii ndiyo kazi!" Daktari Mulei, mkuu wao, akasema mbele ya wote. Nasike akatabasamu kwa meno tu.

Siku ya tisa ya jaribio Nasike aliandika kwamba kidonda cha panya wa nne kimefunga. Soila akamulika, akasema kwa adabu, "Dada, huku juu kumefunga, lakini chini bado kuko na shida. Ona vile ni nyekundu."

Ile "dada" ilimchoma kuliko kosa lenyewe. Wenzake walipokwenda kunywa chai, alichovya kidole kwenye mafuta ya kujipaka, akakipitisha kwenye kioo cha kamera. Kidogo tu.

Picha za siku mbili zikatoka kama ukungu. Soila alibadilisha taa, akabadilisha waya, macho yakamwiva. Mulei akachoka kungoja.

"Wageni wanaokuja Ijumaa kuona kama dawa hii inaponya, tutawaonyesha vipimo vya Nasike."

Mchana huo Nasike alikula githeri yake kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu Soila afike.

Alhamisi asubuhi panya wa nne alikutwa amejikunyata, kidonda kimepasuka, usaha unatoka. Nasike alisimama mbele ya kizimba akijua kwamba kesho angewaambia watu dawa ile inaponya. Dawa ya kupakwa binadamu.

Akachukua kitambaa, akafuta kioo cha kamera Soila akitazama.

"Ni mimi nilipaka mafuta. Nilikuonea wivu."

Soila hakulia wala hakufoka. "Utamwambia Daktari mwenyewe, ama nimwambie?"

Alimwambia mwenyewe, akapewa barua ya onyo. Ijumaa alikaa kiti cha nyuma kabisa. Wageni walipomshangilia Soila kwa picha zilizofichua kidonda cha chini, wivu ule ule ulimrudia. Akapiga makofi hivyo hivyo, mikono mizito.

Jumatatu aliomba afundishwe kamera.

"Si sasa," Soila akajibu, akaifungia kabatini na kutia ufunguo mfukoni.