Majina ya Ng'ambo ya Kijito

Mkutano wa kupanga ardhi ulikuwa umerudiwa mara nyingi hadi Rosine akachoka hata kukaa. Serikali ya jimbo ilisema safari hii Batwa, wawindaji wa msituni wa upande wa Niemba, watapanga pamoja nayo, si kupangiwa. Maneno matamu, ila maneno matamu hayajazi chungu. Katika ukumbi mmoja wa Kalemie ramani ilitandazwa mezani, na kila penye watu paliwekwa harage. Pasipo na harage, alieleza Bonaventure, wakala wa serikali, patagawiwa wakulima.

Msitu wa ng'ambo ya kijito ulibaki mtupu. Rosine alimtazama shemeji yake, Papa Ruphin, mzee wao. Ruphin alikuwa akitazama sakafu.

Wote wawili walijua sababu. Kwao mtu akifa, huangushiwa kibanda chake, kambi nzima huhama siku hiyo hiyo, na jina lake halitajwi tena. Msitu huachwa upumzike naye. Wajukuu ndio hurudi kurina asali yake. Mume wa Rosine alilala kule. Wajukuu wake, ambao sasa walilima mashamba ya watu kwa bakuli la unga, walikuwa wakingoja zamu yao. Rosine akinyamaza, hawatakuwa na pa kurudi.

Alichukua harage, akaliweka ng'ambo ya kijito.

"Mama, pale munaishi?" Bonaventure aliuliza. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa amechoka, shati limemganda mgongoni.

"Hapana."

"Munalima?"

"Bwana yangu iko pale. Télesphore."

Wenzake wakajivuta kando kwenye benchi, na Ruphin akainuka, akatoka nje. Rosine aliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Bonaventure akachora duara dogo, dogo kweli. Alieleza kwa upole kwamba kaburi huachiwa kipande chake tu. Msitu uliobaki ungeenda kwa wakulima. Rosine alikuwa amelitoa jina la mumewe kwa alama isiyotosha hata kujengea banda la kuku.

Ruphin akarudi, uso umelowa, haijulikani kwa maji au machozi. Akasimama mezani.

"Andika tena," alisema. "Mama yangu Constance, iko hapa, karibu na chemchemi. Ndugu yangu Joël, hapa."

Akaendelea polepole, kama mtu anayetua mizigo, babu kwa shangazi, mpaka maduara yakagusana na Bonaventure akakosa pa kuwaweka wakulima wake. Kilibaki kipande kimoja cheupe, kando ya kijito. Ruphin akamgeukia Rosine kama anayeomba ruhusa, kisha akaweka kidole pale.

"Na Elsa," alisema. "Mutoto ya huyu mama."

Rosine hakuwa amelisikia jina hilo tangu alipomfunika binti yake kwa majani. Alilia pale pale, mbele ya watu wa serikali, halafu akamwomba Ruphin alitaje tena.