Jitu Lililoitikia Salamu

Costancia alijitakia mwenyewe. Mwalimu Filipo alipotangaza kwamba darasa la jioni litaacha mchezo wa kijitabu cha hadithi na kurudi kwenye imla, kwa kuwa watu wanasinzia, ni yeye aliyenyoosha mkono: "Mwalimu, niachie mimi niusimulie leo. Wakisinzia tena, basi." Halafu akaanza kujilaumu. Saa ile ya mchezo ndiyo pekee katika siku yake ambayo hakuna aliyemwita kuosha wala kupika, ingawa mwanawe mdogo, Anastazia, alikuwa mgongoni vilevile.

Kijitabu chenyewe kilitoka Mikumi, ndani ya robota la mitumba, siku zile biashara ilipofunguliwa na kila kitu cha Ulaya kikawa kinamwagwa kando ya barabara kuu. Mwalimu alikileta Kilosa wanafunzi wake wajifunzie Kiingereza. Kilikuwa na safari ya kubuni: msimulizi anawaeleza wachezaji wanachokiona, wao wanasema watakachofanya, na penye mashaka inarushwa dadu ya ludo. Kijiji kimekauka, jitu limekalia daraja, na nyuma yake kuna lango la maji. Mwalimu alikuwa akikisoma neno kwa neno, kama tangazo la msiba.

"Jitu lenyewe linakula ugali?" akauliza Abubakari, fundi cherehani wa Masanze, ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko cherehani yake.

"Linakula mafundi," Costancia akajibu. Darasa likacheka, naye akapumua.

Wakafika darajani. Kitabu kiliandika njia mbili tu: kupigana, au kutegua kitendawili. Abubakari alishaikamata dadu.

"Subiri, fundi," akasema Naserian, binti wa wafugaji wa Msowero aliyeuza maziwa sokoni. "Huyu si mzee kuliko sisi sote?" Akainamisha kichwa juu ya meza, kama watoto wa kwao wanavyompa mzee kichwa akiguse. "Shikamoo, babu."

Mkono wa Costancia ukaenda wenyewe. Ukagusa utosi wa Naserian. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema kwa sauti nene ya jitu.

Abubakari akaruka. "Kaitikia! Jamani, kaitikia! Mtu akuitikie marahaba halafu akupige rungu?"

"Kitabu kinasemaje?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Costancia akafunua kurasa. Shikamoo haikuwamo. Mlangoni Mwalimu alikuwa amekunja mikono. Ndipo jicho la Costancia likaangukia mstari alioutafsiri juzi bila kuujali: Jitu hili halipendi vita, limechoka kukaa peke yake. Mengine ni yako, msimulizi.

Akalikumbuka gauni la Anastazia. Alilishona na upindo mrefu kwa ndani, ili mtoto akikua lishushwe. Mabega na kiuno alivikaza. Pale tu ambapo mtoto angerefuka ndipo alipoacha kitambaa. Huyu mwandishi wa mbali, asiyewahi kuamkiwa shikamoo maishani, naye aliacha upindo.

"Za mtokako, wajukuu?" likauliza jitu. "Mvua imenyesha? Na huyo mwenye kelele ni wa nani?"

Wakacheka hadi Anastazia akashtuka mgongoni. Naserian akalialika jitu lihamie kijijini, maziwa yapo. Abubakari akaahidi kulishonea kanzu, kisha akalalamika kwamba vitambaa vya Kilosa nzima havitatosha.

Costancia akageuza ukurasa. Lango la maji lilikuwa zito mno. Kitabu kilitaka wasafiri watafute gogo la kulibetulia. Sasa walikuwa na jitu la kulibetua! Akayasoma maneno ya mwisho kama yalivyoandikwa, hakuongeza wala kupunguza: "Lango linaguna. Maji yanashuka kijijini." Yakaingia mahali pake, mshono hauonekani.

Hakuna aliyesinzia. Hakuna hata aliyenyanyuka.

Mwalimu Filipo akasogea mezani, akakitazama kijitabu kana kwamba ndiyo kwanza kimeletwa. "Mama Anastazia, hayo ya marahaba umeyasoma wapi?"

"Hayakuandikwa, Mwalimu. Ila nafasi yake ilikuwepo."

Mwalimu akakuna kidevu, akataka kusema jambo la imla. Naserian akamwahi.

"Mwalimu, samahani. Kabla ya imla tuelewane: hili jitu linalala kwa nani?"

"Kwangu halienei," akasema Abubakari.

Mwalimu akavuta kiti, akaketi miongoni mwa wachezaji. "Haya, msimulizi," akamwambia Costancia. "Tuambie."