Ng'ombe Wasiojua Kushoto

Asubuhi ile Benta alikuwa akianika nguo za shule. Alimkuta ng'ombe mgeni amesimama kati ya shati na sketi, akamsukuma kwa kiwiko ili apate nafasi ya soksi. Kisha akamwita binti yake Irine, aliyekuwa bado darasa la tano, akamuuliza kama hiyo ng'ombe ni yake.

"Ni yangu, Mama," Irine akasema. "Nimeimaliza jana."

Hakuna aliyebisha. Boma zima, huko Uriri, lilijua kwamba mtoto huyo alishinda likizo yote juu ya simu kuukuu ya baba yake, akiandika mchezo wa ng'ombe anayekula nyasi. Sasa ng'ombe alikuwa uani, akila nyasi. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya udongo, Irine akamwita Silwal. Kwa kuwa alichorwa kwa ubavu tu, ukimtazama kwa mbele alikuwa mwembamba kama mlango. Alikula nyasi kwa miraba, na samadi yake ilitoka kama matofali, Benta akasema sasa kukandika nyumba ni kazi nyepesi. Kasoro yake ilikuwa moja. Kioo cha simu kilikuwa kimekufa upande wa kushoto, Irine hakuwa na pa kujaribia, basi Silwal hakufunzwa kupinda kushoto. Akihitaji kitu cha upande huo alizunguka kulia mpaka akakifikia.

Irine alimpenda sana. Alimpa maji kabla yeye mwenyewe hajanywa chai, na alitaka jambo moja tu duniani, kwamba Silwal aitwe wake.

Kaka yake, Frankline, akapata nafasi ya kusomea kompyuta katika chuo kimoja huko Rongo. Baba yao, Javan, akaenda kufungua kamba ya Silwal, akauzwe karo ipatikane.

"Baba, hiyo ni yangu."

"Ng'ombe ni ya boma, nyathina, mtoto wangu," Javan akamjibu kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Wewe utatengeneza ingine."

Bahati nzuri, ukitoka langoni, soko la Ogwedhi liko mkono wa kulia. Sokoni Javan alimsimamisha Silwal kwa ubavu, na kila mnunuzi aliyejaribu kuzunguka aje mbele alishikwa mkono na kusalimiwa upya. Silwal akauzwa kabla ya saa sita. Irine alilia mpaka macho yakavimba, kisha akaichaji simu.

Ikawa kila muhula chuo kikidai karo, anatengeneza ng'ombe mwingine. Wa pili alikuwa na pembe zilizolingana. Wa tatu alitoa maziwa mengi kuliko wa jirani. Hivyo dada aliandika programu ili kaka afundishwe kuandika programu, na kama kuna aliyeona jambo hilo limekaa vibaya, basi ni ng'ombe, nao hawakuulizwa.

Frankline alihitimu. Picha yake akiwa na joho ikatundikwa juu ya redio, naye akapata kazi katika ofisi moja mjini Migori, ya kuzima kompyuta zilizokwama na kuziwasha tena. Aliifanya kwa tai na kwa uso wa mtu anayefikiri. Javan aliwaambia waumini kanisani kwamba kijana wake ni injinia. Ilipofika zamu ya Irine kwenda chuo, Javan alisema mtu hapelekwi kusomea kitu anachokijua tayari.

Irine akaenda Homa Bay, kwenye kampuni ndogo iliyoandika programu za wafanyabiashara wa samaki. Mwenye kampuni, Nasteha, alimwomba cheti.

"Sina. Nilitengeneza ng'ombe."

"Wale wembamba wa Ogwedhi?" Nasteha akauliza. "Wasiopinda kushoto?"

"Hao hao."

"Basi keti. Laptopu ni hiyo."

Programu yake ya kwanza iliwajulisha akina mama wa kisiwa cha Remba bei ya omena kabla dagaa hao hawajakauka. Sasa alikuwa mhandisi wa programu kwelikweli, mwenye mshahara na kiti cha kuzunguka. Kila Irine aliporudi nyumbani, Javan alimuuliza kama bado anacheza na simu.

Kisha Maxwell, muuza samaki wa Homa Bay aliyempenda na kupendwa, akatuma wazee wake walete mahari. Wazee walipita Ogwedhi kununua ng'ombe, wakaja nao mpaka langoni. Irine alichungulia kutoka jikoni kwa mama yake. Aliyetangulia alikuwa Silwal, mzee sasa, kona zake zimechakaa. Nyuma yake walikuja wengine wote. Walizunguka kulia mmoja mmoja mpaka wakaingia, wakajipanga kando ya kamba ya nguo, kama alivyowatengeneza.

"Baba, hao ni wangu."

"Nimeona," Javan akasema. "Hawa wakwe wanajua kuchagua."

"Basi nipe Silwal tu. Huyo mmoja."

Hapo wazee wakatazamana. Mmoja akaweka kikombe chini.

"Msichana apewe ng'ombe ya mahari yake?" Javan akauliza. "Hiyo imeonekana wapi?"

Hakuna aliyewahi kuiona. Walikubaliana kwamba ni jambo la ajabu, wakarudi kwenye nyama.

Ng'ombe hao wakapangiwa kumwolea Frankline mke, kama desturi ilivyo. Boma la mchumba wake, Valary, lilikuwa ng'ambo ya kilima, mkono wa kushoto. Kila walipotolewa langoni walipinda kulia na kurudi uani. Frankline alitumia ujuzi wake wote. Aliwafunga zizini, akawafungua tena. Haikusaidia.

"Siz, hebu tuangalizie," akamwambia Irine. "Si ni mstari moja tu?"

Irine angeweza kukataa. Lakini Valary hakuwa na kosa, na kasoro inayojulikana humwasha mhandisi mpaka airekebishe. Ilimuuma, akauandika mstari huo. Alipobonyeza, ng'ombe waliinua vichwa kwa pamoja, wakatoka kwa kushoto, wakapanda kilima. Programu ya Silwal peke yake Irine hakuigusa. Ilibidi avutwe kwa kamba.

Kabla wiki haijaisha Silwal alikuwa amerudi, akizunguka kulia, kulia, mpaka kwenye kamba ya nguo. Irine alikuwa nyumbani. Alimkumbatia shingo, akafurahi kama mtoto.

Javan akatoka na kamba. "Umeona? Ng'ombe inajua kwao," akasema, akamfunga kwenye kigingi chake. Wakwe wa Frankline walipopiga simu, aliwaambia hajaonekana.

Irine alimpa Silwal maji, akamkamua, akapeleka maziwa ndani. Baba yake alikuwa mezani, akimuuliza Benta siku ya soko Ogwedhi ni lini.