Dundu Hakupata Kura

Kijijini kwao, ubavuni mwa msitu wa Mgori, Chrispin alijulikana kwa utani. Hata msibani watu walimkwepa wasije wakaangua kicheko. Siku ya mkutano wa kijiji alisimama bila utani hata chembe. Wakacheka vilevile.

"Shikamooni wazee. Naomba gogo moja tu libaki."

Matofali ya zahanati mpya ya kijiji yalingoja kuchomwa, na sheria ya kijiji iliruhusu kuni za magogo makavu peke yake. Kumbe humo humo ndimo anamotaga dundu mwenye pembe, mdudu ambaye Chrispin alikuwa akimhesabu kwa niaba ya mtafiti mmoja kwa miaka miwili. Mwaka juzi aliwaona arobaini. Safari hii wanne, wote kwenye gogo moja.

Akatoa simu, akaonyesha picha ya kinyama cha Australia chenye macho ya kuomba. "Huyu naye anakwisha. Analea mtoto mfukoni, hapa tumboni."

"Masikini wa Mungu!" Mama Damari akashika kifua. "Sasa wanamsaidiaje?"

"Dunia nzima inamlilia, mama. Dundu wetu ni vilevile. Gogo ndilo mfuko wake. Ukilichoma, umechoma na mtoto."

"Na yeye ana macho kama hayo?" akauliza Paskali, mwenye mkokoteni wa ng'ombe.

"Hapana."

"Sasa ndugu yangu, umetuonyesha bibi harusi, halafu unatuoza shangazi yake!"

Mkutano ukavunjika mbavu. Mwenyekiti, mzee Simeoni, hakucheka.

"Mjukuu wangu, dada yako Hana alijifungulia wapi?"

Kila mtu alijua. Juu ya pikipiki, njiani kwenda mjini, na mtoto hakulia.

"Njiani, babu."

"Wanaotaka gogo lichukuliwe?"

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Hana.

Asubuhi yake Paskali alipasua gogo, mabuu meupe ya dundu yakamwagika. Chrispin akaokota saba, akayatia kwenye ndoo pamoja na unga wa mti uliooza, akaingia msituni kutafuta gogo jingine. Lakini wanakijiji walikuwa watiifu mno: hawakugusa mti mbichi, wala hawakubakiza kijiti kikavu. Chini palikuwa peupe kama ua wa kanisa Jumamosi jioni.

Jua lilipofika utosini, buu la kwanza lilijikunja, likawa jeusi. Kisha la pili. Upande wa kijijini moshi wa tanuri ukaanza kupanda. Chrispin akaketi chini ya mti mbichi, mnene, wenye afya tele, usiomfaa kitu.