Glavu za Siku Mbili

Kinyaa mimi nakijua. Miaka kumi na moja naosha utumbo machinjioni, kwa mikono mitupu, na chai nakunywa palepale. Wanaoziba pua nawacheka. Sasa matapishi ya dada yangu, tumbo moja ziwa moja, ndiyo yakanishinda. Lo!

Siku ya kwanza hospitalini muuguzi alitueleza waziwazi. Dawa yake ya saratani, ile nyekundu, inaua chembe za mwili zinazozaliana upesi. Saratani inazaliana upesi, sawa, na ife. Lakini nywele nazo zinakua upesi, na ngozi laini ya mdomoni na tumboni vilevile, na dawa haina macho, inafyeka tu.

"Mkojo utakuwa mwekundu," akasema. "Si damu, msipige mayowe. Siku mbili za mwanzo dawa hutoka na mkojo na matapishi, kwa hiyo anayemsafisha avae glavu."

Nikavaa, dozi ya kwanza, na ya pili. Jamani, yale mambo! Nywele zilinyonyoka zikaziba tundu la bafu, nikazivuta kwa kidole, bonge zima linateleza. Mdomo wake umejaa vidonda, pumzi imechacha. Kila kitu kwake kina ladha ya msumari, hata maji. Akitapika natazama dari, nameza mate, nasema "pole dada, pole," kwa sauti ya uongo mtupu.

Asubuhi moja nimeinama na beseni, akanisukuma mkono.

"Dozi ya tatu siendi."

"Una wazimu? Daktari kasema uvimbe umeanza kunywea!"

"Utumbo wa ng'ombe unaushika kwa mikono mitupu. Mimi unanivalia glavu."

"Aa, dada, si muuguzi ndiye aliyesema?"

"Alisema siku mbili. Leo ya ngapi?"

Nikahesabu. Ya sita.

Ningesingizia kusahau, lakini huyu ndiye aliyenilea, uongo wangu anaujua tangu sijaota meno.

"Nakuonea kinyaa," nikasema, machozi yananitoka. "Harufu, beseni, hiyo dawa, huo ugonjwa, vyote. Na mimi mwenyewe najionea kinyaa. Lakini usife kwa ajili ya upumbavu wangu."

Akalisogeza beseni kando.

"Afadhali umesema. Mimi najinukia mwezi mzima, na nyinyi mnanichekea tu kama mko arusini."

Nikazivua glavu. Nikanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, nikarudi kumfuta kidevu. Chai ikanipanda kooni.

"Siku ya dozi tunaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Saa moja kamili."

Alifungua mdomo anijibu, akanitapikia kiganjani. Ya moto, machachu. Nikapiga kelele "Mama yangu!" hadi jirani akachungulia, lakini mkono nikauacha palepale.