Stoo ya Magodoro ya Husna

Kariakoo huuzwa kila kitu, lakini muziki wa roki hakuna aliyewahi kufikiria kuuuza mpaka Abdulatif alipojaribu. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, hajui gitaa, hana sauti, ana masikio tu. Na alikuwa na dada yake Husna, mwenye duka la magodoro Mtaa wa Narung'ombe. Marehemu baba yao alimwachia Husna duka hilo, pamoja na kazi ya kumvumilia huyu mdogo wake mwenye kichwa kigumu.

Nyuma ya duka palikuwa na stoo. Siku moja Abdulatif aliingia kumchukulia mteja godoro, akapiga makofi kumfukuza paka, akasimama palepale. Makofi yake hayakuwa na mwangwi hata kidogo. Wapiga debe, mikokoteni, spika za wauza sumu ya panya, vyote vilikuwa vimezuiwa na magodoro yaliyopangwa mpaka juu. Wiki ileile akamleta rafiki yake Godbless, mtoto wa wauza vyuma wa Moshi aliyepanga mtaa wa pili, mwenye gitaa la umeme na sauti ya mtu aliyegombana na ukoo mzima.

Wakaanza kurekodi humo, na lebo yao ya muziki wakaiita Futi Sita, kama saizi ya godoro. Abdulatif akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya nailoni za magodoro mahali pa kila moja wakati wa kurekodi: NGOMA, GITAA, MLANGO. Husna alipoona, alifoka.

"Latifu! Mali ya kuuza ndiyo unaichora?"

"Si nailoni tu, da Husna? Unabadilisha, unauza."

Ni kweli, ndivyo Husna alivyofanya kila siku. Nailoni ikichafuka alilivisha godoro nailoni mpya mara moja, na mteja akaondoka nalo likinukia upya. Husna akasonya, akarudi kwenye kaunta.

Mwanzoni watu waliwacheka. Kisha wimbo wa Godbless kuhusu umeme kukatika ukaingia kwenye vibanda vya kujazia watu nyimbo kwenye flashi, ukatoka huko na wateja, ukafika Feri kwa wakaanga samaki, ukavuka na pantoni kwenda Kigamboni. Ulikuwa na sauti kavu ya karibu, kama mtu anakuimbia mmejifunika shuka moja. Bendi nyingine zikaja mbio. Zote zilifuata msimu wa Husna: Januari, wazazi wanaponunulia watoto wa bweni magodoro, stoo ilibaki tupu na lebo ikalala.

Ndipo tajiri mmoja wa Posta, katikati ya jiji, akawapa studio ya vioo, yenye kiyoyozi na viti vya kuzunguka. Abdulatif akanunua koti. Alipoitwa redioni, mtangazaji akamuuliza, "Eti ni kweli mlianzia kwenye stoo ya magodoro?"

Abdulatif akacheka. "Stori za mtaani hizo. Sisi tulianza na studio kamili."

Maneno yalipomtoka tu, akakumbuka kwamba redio ya dukani kwa dada yake haizimwi. Alingoja simu ya matusi mpaka jioni, haikuja. Hapo akaogopa kweli, maana Husna akikasirika kidogo ndipo hupiga simu. Aliona aibu, na kwa sababu ya aibu hiyo hakukanyaga Narung'ombe mwaka mzima.

Kule Posta kila kitu kilitoka safi. Roki ya Godbless ilitoka kama imepigwa pasi, na vibandani hakuna aliyeiomba. Bendi zikaondoka moja moja bila ugomvi. Mwishowe tajiri akaja mwenyewe kuchukua ufunguo wake, kwa adabu kabisa.

Godbless naye akaitwa Moshi kushika duka la baba yake aliyekuwa mgonjwa. "Naondoka kesho," alisema. "Nina wimbo mmoja, kaka, ndio wa mwisho. Lakini tuurekodi kulekule stoo."

Ilikuwa Januari. Abdulatif alifika dukani asubuhi akakuta wazazi wamejaa mpaka barabarani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Husna hakuinua uso. "Beba hilo la futi tatu, mama yule anasubiri."

Akabeba. Alibeba kutwa, akiitoa nje studio yake ukuta mmoja baada ya mwingine, na kila mzazi akimshukuru. Alasiri stoo ilikuwa imebaki sakafu. Alipiga makofi, nayo makofi yakamrudia. Machozi yakamlenga. Wimbo angeweza kuukosa akaishi; uso wa dada yake usiomtazama ndio uliomshinda.

"Da Husna, ile siku ya redio..."

"Redio gani? Panda darini, ushushe yaliyoko huko."

Akapanda. Gizani, chini ya turubai lisilo na vumbi, palikuwa na magodoro yamepangwa vizuri. Aliusoma mwandiko wake mwenyewe: NGOMA. GITAA. MLANGO.

"Hayo yamenishinda kuuza," Husna alisema toka chini. "Nani anunue godoro limechorwachorwa?"

Abdulatif alichungulia kutoka juu. Bunda la nailoni mpya lilikuwa kwenye kaunta, mahali pake pa siku zote, karibu na mkono wa dada yake. Akaanza kuyashusha.

Godbless alikuja na gitaa lake, wakafunga duka. Kabla rafiki yake hajaanza kupiga, Abdulatif akaisogelea maiki.

"Hii ni Futi Sita," alisema. "Tupo kwenye stoo ya magodoro ya dada yangu Husna, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Hapa ndipo tulipoanzia. Niliwahi kusema vingine, nilisema uongo."

Nyuma ya godoro la MLANGO sauti ikapaa.

"Ukishataja duka, taja na bei!"

Godbless akaangua kicheko, akaanza kupiga huku akicheka. Wimbo ule ndio wa mwisho wa Futi Sita, na sauti ya Husna waliiacha humohumo.