Dole la Mwezi wa Pili

Mwaka 1975 ulikuwa Mwaka Mtakatifu, na parokia yetu iliombwa kumpeleka mtu mmoja hija Roma. Parokia yetu iko kwenye mbuga za Usangu, upande wa Igurusi, na wengi wetu ni Wasukuma tuliohamia na ng'ombe kutoka kaskazini. Akina mama walinichagua mimi. Nadhani walinichagua kwa sababu sikosi misa, na kwa sababu mume wangu Nkuba alikuwa tayari kuuza maksai wa kujazia nauli. Sikuuliza zaidi. Nilipiga magoti kanisani nikamshukuru Mungu, nikaondoka nikiwa na hofu.

Mwezi wa pili nilikwenda Mbeya mjini kuomba pasipoti. Wakati huo sikujua kusoma wala kuandika. Karani wa uhamiaji, dada mmoja wa Kinyakyusa aitwaye Atuganile, alinisomea maswali yote akayajaza mwenyewe. Tulipofika kwenye sahihi alinitazama kidogo, akavuta kibati cha wino wa zambarau, akanishika mkono. Alilibonyeza dole langu gumba kwenye wino, kisha mahali pa sahihi. Alifanya kwa upole, kama mtu anayemshika mtoto anayechanjwa. Pasipoti ilipokuja baada ya wiki kadhaa, ilikuwa na picha yangu, jina langu Leokadia Mbuke, na lile dole.

Mwezi huohuo wa pili nilijiunga na elimu ya watu wazima. Tulisoma saa kumi jioni katika shule ya msingi, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Kwa hesabu ya mama yangu nilizaliwa mwaka wa nzige, kwa hiyo nilikuwa na miaka arobaini na minne. Kila siku kabla ya kufungua kitabu nilifanya ishara ya msalaba. Wenzangu walicheka, baadaye wakazoea. Mwezi wa nane ulikuja mtihani wa taifa. Nilipewa habari ya mbolea na mahindi, nikaisoma hadi mwisho, nikajibu maswali. Nilifaulu.

Katika miezi ile ya kujifunza niliweka nadhiri. Nilimwambia Mungu kwamba akinijalia kuandika jina langu, dole langu halitagusa wino tena mpaka siku ya kuzikwa. Nilipofaulu nikaishika nadhiri hiyo. Zahanati nilitia sahihi. Kwenye mkutano wa kijiji nilitia sahihi. Mnadani Nkuba alikuwa ananisukuma mbele ya karani wa mifugo ili niandike jina, naye anasimama nyuma akiwatazama watu wanaotazama.

Watu waliposikia ninajua kuandika walianza kuniletea nia zao niende nazo Roma. Nilinunua daftari nikaziandika kwa mkono wangu. Mwanamke mmoja aliomba mtoto. Mzee mmoja aliomba habari za mwanawe aliyekwenda kuchimba dhahabu Makongolosi akanyamaza miaka minne. Wengine waliomba mvua tu, maana mwaka uliotangulia ulikuwa mbaya. Zilifika nia sitini na tatu. Shemeji yangu Bujiku, mdogo wake Nkuba, hakuleta yake. Alisema Mungu akitaka kumsikia atamsikia hapahapa Usangu bila kupanda ndege.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa zikaja fomu za viza. Mahujaji wa Mbeya na wa Iringa tulikuwa kundi moja, na aliyeshughulikia karatasi zetu zote alikuwa Padre Marcelino wa Iringa. Tulimpa pasipoti zetu akazitunza. Fomu ilikuwa ya lugha ya kigeni, kwa hiyo padre alituma pamoja nayo karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, iliyopigwa taipu, kila swali na namba yake. Nakala yangu ilikuwa ya chini kabisa katika rundo la kaboni, maneno yake yamefifia kama moshi. Angeweza mwalimu wa darasa letu kunijazia kwa nusu saa. Sikutaka. Niliijaza mwenyewe kwa siku tatu, mchana, mlango ukiwa wazi ili nipate mwanga.

Namba tisa ilinikwamisha. Ilisema aina ya viza tunayoomba ni ya utalii. Niliweka kalamu chini. Watalii niliowajua mimi ni wale wanaopita barabara kuu na Landrova kwenda kupiga picha tembo. Mimi nilikuwa nakwenda kutubu na kupita Mlango Mtakatifu, ule unaofunguliwa Mwaka Mtakatifu tu. Nilikwenda kumuuliza mwalimu kama huo si uongo. Mwalimu alifikiri, akasema serikali ya kule ina aina chache tu za wageni, na bila shaka hakuna kisanduku cha wanaokwenda kutubu. Nikanakili neno lile kama lilivyoandikwa, nikasali Salamu Maria moja kwa tahadhari.

Namba ya mwisho ilikuwa sahihi ya mwombaji. Niliposoma maneno hayo moyo wangu ulifurahi mno, sikusoma zaidi. Nikaandika jina langu taratibu, Leokadia Mbuke, bila kufuta. Nkuba aliitazama fomu akasema imependeza. Tukaipeleka posta.

Tarehe sita mwezi wa kumi nikapata barua ya Padre Marcelino. Viza za wote waliotuma fomu zilikuwa zimekubaliwa isipokuwa yangu. Ubalozini walikuwa wamelinganisha sahihi ya fomu na pasipoti, wakaona kwenye pasipoti kuna dole na kwenye fomu kuna maandishi. Kwao hao walikuwa watu wawili. Padre alisema fomu mpya iko kwake, na niende Iringa kabla ya tarehe kumi na moja, siku ambayo katekista wake Danieli angesafiri kwenda Dar es Salaam kuzipeleka karatasi zilizobaki. Kundi lingeondoka tarehe kumi na tisa.

Nilitoa ile karatasi ya maelezo, nikaishika kwenye jua. Chini ya maneno "sahihi ya mwombaji" kulikuwa na mstari mwingine uliofifia: iwe sawasawa na ile iliyomo kwenye pasipoti. Ulikuwepo siku zote, nami nilikuwa najua kuusoma.

Nkuba aliniuliza kama haiwezekani kuibadili pasipoti badala ya kubadili fomu. Wazo lilinipendeza, kwa sababu lingeokoa nadhiri yangu. Kesho yake nikapanda basi kwenda Mbeya. Atuganile alinikumbuka. Nilimwambia sasa najua kuandika, nikamwandikia jina langu kwenye kipande cha karatasi, naye akalisoma kwa sauti akafurahi kweli, akawaonyesha wenzake. Lakini pasipoti mpya ingechukua wiki sita, pengine nane.

"Mama, dole lako halijabadilika," alisema. "Weka lilelile, usafiri. Ukirudi njoo, tutaanza upya na sahihi yako."

Nilimshukuru. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za ofisi na rozari yangu. Nilikuwa na nia sitini na tatu kwenye daftari na nadhiri moja moyoni, na sikuona namna ya kuvifikisha vyote Roma. Nikitia dole nimemvunjia Mungu ahadi, halafu nitapita vipi Mlango wake? Nisipotia, yule mzee mwenye mwana Makongolosi nitamwambia nini? Nilimaliza mafumbo yote matano, nikainuka. Nikapanda basi la Iringa, kwa sababu hata kama ningekataa ilinibidi nikakatae mbele ya padre.

Iringa ni mji wa baridi na mlima. Nilifika kwa Padre Marcelino asubuhi ya tarehe tisa. Ofisini kwake kulikuwa na mama mmoja mzee amejifunika blanketi, akaniamkia kwa Kihehe, "Kamwene," nami nikamwitikia kama tulivyojifunza kwa majirani zetu. Aliitwa Mama Juliana. Alikuwa ameugua mwezi mzima wa tisa, kwa hiyo fomu yake ilikuwa haijajazwa. Danieli alikuwa anamalizia kumwandikia.

Padre alinionyesha fomu mpya. Alikuwa ameshaijaza yote kwa mkono wake ili kuokoa muda, ikabaki nafasi ya sahihi tu. Kibati cha wino kilikuwa mezani, wazi. Nikamweleza habari ya nadhiri. Hakucheka. Aliketi, akanitazama.

"Ulimwahidi Mungu peke yake?"

"Ndiyo, padre."

"Hakuna mtu aliyesikia?"

Hapo nikatazama kibati cha wino. Kuna jambo ambalo sijalisema tangu nianze habari hii, na hata mwenyewe nilikuwa nimelisahau kwa makusudi. Siku moja mwezi wa tatu, darasani, nilishindwa kuandika jina langu ubaoni mara tatu. Bujiku, ambaye naye alikuwa mwanafunzi, akasema mbele ya wote, "Shemeji, rudi kwenye dole lako. Ndama wangu atasoma kabla yako." Darasa lilicheka. Nikageuka na chaki mkononi, nikamwambia siku nitakayoandika jina langu, dole langu halitagusa wino tena mpaka nizikwe. Wakapiga makofi. Jioni ile, wakati wa sala, nikayarudia maneno hayohayo mbele ya Mungu.

Nikamweleza padre hayo yote. Uso ulinichoma.

"Basi nadhiri hiyo ni ya Bujiku," alisema. "Mungu ulimletea nakala ya kaboni."

Danieli aliinamisha kichwa ili asionekane anacheka. Mama Juliana hakujisumbua kuficha. Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Padre aliendelea kwa upole kwamba Mungu alinipa kusoma bila masharti, na kwamba kama bado moyo unanisumbua, niitoe hija nzima kwa ajili ya kumwombea huyo shemeji. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko dole.

Sikuweka dole mara moja. Niliomba kwanza niisome fomu. Padre alinipa karatasi ya maelezo, safari hii nakala ya juu, nikaipitia namba moja hadi ya mwisho, polepole, nikilinganisha kisanduku kwa kisanduku. Walinisubiri. Mstari wa mwisho niliusoma wote, kisha nikausoma tena. Ndipo nikabonyeza dole kwenye wino, nikaliweka kwenye karatasi. Lilitoka vizuri, na mistari yake yote.

Chini ya dole sheria ilitaka shahidi anayejua kusoma na kuandika. Padre hakuruhusiwa, kwa kuwa alikwisha kutia sahihi kama mdhamini wetu. Danieli akanishuhudia mimi. Kisha ikaja zamu ya Mama Juliana, naye alikuwa wa dole vilevile. Danieli alipochukua kalamu ili amshuhudie na yeye, mama akamzuia.

"Huyu anishuhudie," alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Wewe uliandika tu. Yeye amesoma."

Danieli alisema hofu yake ni kwamba ubalozini wataona mtu mmoja ametia dole kwenye fomu yake na sahihi kwenye fomu ya mwenzake, na watarudisha zote mbili. Tukamtazama padre. Alizichukua fomu zote mbili akaziweka sambamba. Mwishoni akasema wao hulinganisha mwombaji na pasipoti yake, na shahidi hana pasipoti ya kulinganishwa. Hata hivyo aliongeza barua fupi ya kueleza kwamba mama huyu alijifunza kuandika baada ya pasipoti yake kutolewa, na kwamba yeye padre anawajibika.

Nilipangusa dole kwenye kanga, nikashika kalamu kwa vidole vilivyobaki safi ili nisiichafue karatasi ya watu. Nikaandika kwamba Juliana ametia dole lake mbele yangu, nikatia sahihi, Leokadia Mbuke. Mama Juliana aliichukua karatasi akaitazama muda mrefu, ingawa hakujua kilichoandikwa.

Danieli aliondoka tarehe kumi na moja. Mimi nilirudi Usangu kusubiri. Nilifungasha nguo kisha nikazifungua, maana niliona ni kiburi kufungasha kabla ya jibu. Tarehe kumi na tano ilikuja telegramu parokiani. Ilisema Leokadia na Juliana wamekubaliwa, na nifike Iringa kesho yake jioni.

Habari ilienea kijijini pamoja na habari ya dole. Kabla ya giza Bujiku alikuwa uani kwetu. Nilikuwa nakunja kanga zangu. Alinishika mkono akaugeuza, akaona zambarau iliyobaki ukuchani.

"Mpaka uzikwe, shemeji?"

"Nimezikwa Iringa," nikamwambia.

Alicheka, lakini hakuondoka. Alimuuliza Nkuba habari za malisho, akauliza ndege inabeba watu wangapi. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini kwamba mkewe ana mimba ya nne na zile tatu zote ziliharibika. Aliniuliza kama daftari limejaa.

Nikalileta daftari pamoja na kalamu, nikamwekea mbele. Bujiku alikuwa amefaulu mtihani kama mimi. Lakini alinisogezea kalamu.

Nikaandika namba sitini na nne, nikamsomea alichosema, ili awe na hakika kwamba ndicho kilichoandikwa.